Tuhuma na Chungu cha Maua

Mapema mwaka huu, katika mtaa mmoja wa Ruiru nilikowahi kukaa na ambako watu wangali wakiniita daktari ijapokuwa kazi ya utabibu wa mifugo niliiacha tangu kustaafu, jamaa mbili zilizokuwa zikiazimana jembe na kutumiana watoto zilikatana salamu kwa sababu ya mbwa. Alikuwa mbwa jike, hajatimiza mwaka, aliyelala ukumbini mwa nyumba na kubweka usiku kucha kwa nguvu ya ujana wake. Jioni moja akaanza kutapika, akakataa chakula, na siku ya tatu macho yake yakawa ya manjano na fizi zikawa zavuja damu, hata akafa mikononi mwa mwenyewe kabla daktari hajarudi mara ya pili. Mwenye mbwa, kwa uchungu wa msiba na kwa kukumbuka maneno makali yaliyokuwa yamepita baina yake na jirani juu ya kelele za usiku, alisema hadharani kwamba mnyama wake ametiliwa sumu, wala hakuficha ni nani anayemdhania.

Niliitwa katika kikao cha sulhu pamoja na wazee wa mtaa, nami kabla ya kusikiliza shahidi yeyote niliomba kuonyeshwa mahali mbwa alipokuwa akilala. Hapo ukumbini, hatua chache kutoka kwenye gunia lake, vilisimama vyungu viwili vikubwa vya sago, ule mmea wa shina fupi lenye magamba na majani magumu yaliyotandaa pande zote, ambao mtu asiyeujua hudhani kuwa ni mnazi mdogo. Na mmoja kati yake ulikuwa jike uliokwisha kuzaa, mbegu zake za rangi ya machungwa zimelundikana kileleni, na nyingine zimeanguka nyuma ya chungu, maganda yametafunwa na alama za meno zaonekana dhahiri. Nilimpigia simu daktari aliyemtibu mbwa yule nikamweleza nilichokiona, naye akajibu kwamba damu aliyoipima ilimwonyesha ini lililoharibika vibaya, na kwamba tangu siku ile alikuwa akijiuliza sababu. Mwenye mbwa alinyamaza kitambo kirefu, kisha akainuka, akamwendea jirani yake na kumtaka radhi mbele yetu sote, na jirani akamsamehe.

Mambo yaliisha kwa wema, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na fikra nzito, maana nilitambua kwamba kama mbegu zile zingefagiwa asubuhi yake, tuhuma ingedumu, na watu wawili wasio na hatia yoyote wangeishi mlango kwa mlango na uadui mpaka mmoja wao ahame. Sikatai kwamba wezi hutupia mbwa nyama yenye dawa ya wadudu, kwani nimewahi kuyaona hayo kwa macho yangu, na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yahesabu kumlisha mnyama sumu kwa makusudi kuwa ni kosa la jinai. Lakini kwa sababu hiyohiyo tuhuma ya sumu ni tuhuma nzito, na insafu yataka kwamba kabla ya kumtazama jirani tutazame kwanza vyungu vyetu wenyewe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyakumbuka mambo ya maisha yangu ambayo, bila mimi kupanga, yalinifundisha habari ya mimea na wanyama wakaao nasi.

Nilizaliwa upande wa mashariki ya Thika, pale ambapo mashamba ya mkonge yalipakana na nyika iendayo Kilimambogo, na boma letu lilizungukwa na ua wa mnyaa, ambao sisi Wakikuyu huuita kariaria. Nyanya yangu, ambaye tulimwita cucu kama desturi yetu ilivyo, hakumruhusu mtoto kwenda na mbuzi malishoni mpaka awe amefundishwa maziwa ya kariaria, kwamba yakiingia jichoni huweza kulipofusha. Awe amefundishwa mbegu za mbariki, zilizo nzuri kwa kuchezea na zenye madoadoa ya kupendeza, kwamba haziingizwi kinywani hata kwa mzaha. Na awe ameonyeshwa itoka, lile ua la kitunguu lililopandwa mpakani mwa mashamba tangu zamani za mababu, kwamba hata mbuzi, asiyeacha kitu, huliacha. Majirani zetu wa Kikamba walikuwa na elimu nyingine kubwa kuliko hiyo, ya mti wauitao kivai, ambao magome na matawi yake huchemshwa mpaka yakatoa utomvu mweusi mzito wa kupaka mishale, na sumu yake hushika moyo na kuusimamisha. Mzee mmoja miongoni mwao alituonyesha mti wenyewe, akatukataza hata kuokota tawi lake kwa kuchomea nyama.

Mbwa wa wakati ule hawakufungwa wala hawakulala ndani. Walikula masalio ya githeri, wakawafuata wachungaji, wakawinda panya buku katika mkonge, na kila siku walipita kando ya kariaria bila ya kuigusa. Sisemi kwamba Mungu amempa mbwa ilhamu ya kuitambua sumu, kwa kuwa nimewaona wengi wakila yaliyowaua; nasema tu kwamba mnyama mwenye mlima mzima wa kumshughulisha hana haja ya kutafuna ua. Na watu nao walikuwa wamejua kila kilichoota katika upeo wa macho yao, jina lake na tabia yake, na maarifa hayo yalikuwa fardhi ya kila mzazi kumpa mwanawe. Nilipokuwa mtoto nilidhani kwamba ndivyo ilivyo duniani kote.

Dhana hiyo ilivunjika nilipoanza kumfuata marehemu baba kazini siku za likizo. Alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja mkulima wa kahawa upande wa Ruiru, na baraza ya nyumba ile ilijaa mimea ya kigeni katika vyungu, iliyonunuliwa Nairobi au kuletwa na wageni, na hakuna aliyejua lolote juu yake ila jinsi ya kuinywesha maji. Siku moja mtoto wa mbwa, mwenye meno yanayoota, alitafuna shina la difenbakia, ile yenye majani mapana yaliyotiwa madoa meupe. Akapiga ukelele, akaanza kusugua mdomo wake sakafuni, mate yakimchuruzika na ulimi ukivimba hata ukashindwa kurudi kinywani. Bibi wa nyumba alilia kwamba mbwa ameumwa na nyoka. Baba, ambaye alikwisha kuupogoa mmea ule na kuujua moto wake kwa ngozi ya mikono yake, alimchukua mtoto wa mbwa mpaka bombani, akamwosha kinywa kwa maji mengi ya baridi, kisha akampa maziwa kidogo kidogo. Na kufikia magharibi uvimbe ulikuwa umeanza kupungua.

Miaka mingi baadaye nilisoma sababu yake. Katika majani na mashina ya difenbakia mna fuwele ndogo mno za oksalati ya kalisi, zenye ncha kali mfano wa sindano, zilizofungwa katika mafungu ndani ya chembe za mmea, na jani likitafunwa hufyatuka zikachoma ulimi, fizi na koo. Ukoo wake ni mkubwa, na takribani wote umo sebuleni mwetu leo: pothosi itambaayo juu ya kabati, monstera yenye majani yaliyotoboka, filodendroni, lile ua jeupe la afisini ambalo wauzaji huliita lili ya amani, na arum ya mabondeni yenye kikombe cheupe ambayo wanawake hupenda kuipamba kanisani. Sumu ya namna hii huumiza papo hapo, na kwa kuwa huumiza papo hapo aghalabu mnyama huacha kabla hajameza kingi, hivyo ni nadra kumwua. Nami huihesabu kuwa rehema nikiilinganisha na zile zinyamazazo.

Habari ya sumu inyamazayo niliisikia kwanza darasani, katika shule ya sekondari mjini Thika, kinywani mwa mwalimu wetu wa Kiswahili aliyekuwa mtu wa Lamu, ambaye kwake nilijifunza lugha hii na kuipenda. Tulipokuwa tukisoma habari za njaa za zamani, alitusimulia jinsi watu wa pwani walivyookolewa na mtapo, mti wenye sura ya mnazi usiorefuka upesi, ambao kokwa zake husagwa unga. Lakini kokwa hizo, alisema, haziliwi hivi hivi, bali humenywa, zikakatwa, zikaanikwa, zikarowekwa na kubadilishwa maji tena na tena, ndipo zikatwangwa, na aliyeharakishwa na njaa akazila kabla ya wakati alirejeshewa yote aliyoyala, na wengine hawakuinuka. Sisi watoto wa bara tuliandika hayo daftarini kama hadithi ya mbali. Sikujua kwamba ndugu wa mtapo, aliyetoka kusini mwa Japani, angekuja siku moja kupamba milango ya Ruiru kwa jina la sago, mwenye sumu ya jamaa ileile, wala kwamba atakuja bila ya mtu wa kusimulia habari zake. Watu wa kisiwa cha Guam, huko katika Bahari ya Pasifiki, nao wana mti wa ukoo huo na desturi iyo hiyo ya kuzilowesha kokwa zake siku nyingi. Basi kila palipo na wenyeji wa mti, pana hadhari yake.

Sumu ya sago huitwa saikasini, nayo imo katika kila sehemu ya mmea, mizizi, shina na majani, lakini imekusanyika zaidi katika mbegu, ambazo mti jike pekee ndio huzizaa. Mbwa huzipenda. Hutapika katika saa za mwanzo, pengine akatulia kiasi cha kumdanganya mwenyewe kwamba amepona, huku ini likiendelea kufa ndani yake, na siku ya pili au ya tatu ndipo umanjano na damu hudhihirika. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Kuna kumtapisha mapema kwa mkono wa daktari, kumpa mkaa uliotengenezwa kwa kazi hiyo, kumtia maji mshipani na kulisaidia ini. Na hata hivyo wengi hufa.

Nilipokwenda kusomea utabibu wa mifugo, na hata nilipoanza kazi Thika katika miaka ya sabini, ng'ombe ndiye aliyekuwa kila kitu: ng'ombe wa gredi, ndigana, josho, uhimilishaji. Mbwa tulikutana naye siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, amefungwa kamba ya katani chini ya mti penye kambi ya chifu, na paka hakuja kabisa. Lakini katika maktaba nilikuta kitabu kilichochapishwa mwaka 1969, cha Bernard Verdcourt aliyekuwa mkuu wa hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki mjini Nairobi na mwenzake E. C. Trump, juu ya mimea ya kawaida yenye sumu katika nchi zetu, nacho kilinitia tabia ambayo sikuiacha tena, ya kuuliza ni nini kimeota hapa kabla ya kuuliza ni ugonjwa gani. Tabia hiyo ilinifaa mara nyingi. Naukumbuka ukame mmoja ambapo mitamba ya mkulima wa kando ya mto Chania ilivuliwa ngozi na jua puani na mgongoni, macho yamekuwa manjano, na mwenyewe akisema kwamba imelogwa. Tulipoufuata ua wake tukaona kwamba majani yalipokwisha mitamba ilianza kula lantana, mmea ulioletwa kutoka Marekani ya kitropiki kuwa pambo la bustani, kisha ukatoroka ukawa kichaka. Hata hapo alikuwapo mtu aliyekwisha kutajwa kuwa mchawi, bibi mmoja mjane asiye na mtetezi.

Lakini kisa kilichonishika kuliko vyote ni cha paka wawili. Mwishoni mwa miaka ya tisini, mwalimu mmoja wa kike aliyekaa karibu na katikati ya mji wa Thika alikuwa na paka ndugu, dume na jike, aliowalea tangu wadogo baada ya kufiwa na mumewe. Jumamosi moja alirudi kutoka harusini Nairobi na shada kubwa la lili, zile ndefu nyeupe zenye harufu tamu na chavua ya rangi ya kutu, akaliweka mezani ndani ya jagi la maji. Jioni ile paka dume alicheza na majani, akayatafuna. Jike alipita chini ya maua, chavua ikamwangukia mgongoni, naye akajilamba kama paka wote wafanyavyo. Usiku dume alitapika. Mwalimu alimleta asubuhi yake na mapema kwa daktari kijana aliyekuwa amehitimu chuo cha tiba ya wanyama cha Kabete, ambaye nilikuwa nikifanya kazi pamoja naye, na kijana yule, kabla hata hajamgusa mnyama, aliuliza, "Mama, nyumbani kuna maua gani?" Alipojibiwa, uso wake ulibadilika. Alimtia paka maji mshipani saa ile ile na kumkalisha hivyo kwa siku mbili usiku na mchana, akimwambia mwalimu aende haraka amlete na wa pili.

Mwalimu hakumleta wa pili siku ile, kwa kuwa alimkuta amelala kwa raha juani, hajatapika, na majani hakumwona akiyala. Akaona ni kumtesa bure. Siku ya tatu paka jike aliacha kula, akawa anakwenda bakulini kutazama maji bila ya kunywa, na mkojo ukakatika. Alipoletwa, figo zake zilikuwa zimekwisha kazi. Daktari kijana alijitahidi mpaka mwisho, kisha akamweleza mwalimu kwa upole mkubwa jambo ambalo lilikuwa bado geni hata kwa waganga wengi, maana habari zake zilianza kuandikwa katika majarida ya tiba ya mifugo ng'ambo mwanzoni mwa miaka ya 1990 tu: kwamba lili za kweli, pamoja na jamaa zake za bustanini zichanuazo ua la siku moja, huziua figo za paka kwa siku moja hadi tatu, kwamba sumu imo katika jani, ua, chavua, hata katika maji ya jagini, kwamba kiasi kidogo cha kulambwa manyoyani chatosha, na kwamba matibabu hufaa sana yakianza kabla saa kumi na nane hazijapita. Mbwa akila lili hizo huumwa tumbo akapona. Ni paka peke yake mwenye msiba huo, na wataalamu hadi leo hawajaitambua sumu yenyewe kwa jina. Paka dume aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mwalimu alinieleza siku moja kwamba lililomuuma si kufa kwa paka tu, bali kwamba bwana harusi, bibi harusi, mwenye duka la maua na yeye mwenyewe, wote walikuwa watu wema, na katika watu wema wote hao hapakuwa na hata mmoja mwenye habari.

Maneno yake yamekuwa mazito zaidi kwangu kadiri miaka ilivyokwenda, maana nchi imegeuka. Ruiru niliyoijua kwa baba ilikuwa kahawa tupu mpaka kingo za mto, na umaarufu wake ulitokana na kituo cha utafiti wa kahawa, ambacho mwaka 1985 kilitoa aina iitwayo Ruiru 11 isiyoshindwa na chulebuni wala kutu ya majani. Leo mashamba mengi ya kahawa yameng'olewa, magorofa yamesimama mahali pake, barabara kuu ya Thika ilipanuliwa ikakamilika mwaka 2012, na hesabu ya watu ya 2019 iliukuta mji wa Ruiru na watu 490,120, karibu maradufu ya Thika yenyewe iliyokuwa na 251,407. Watu hawa wametoka mashambani, na hamu ya kijani kibichi imo mioyoni mwao. Hawana shamba, basi hununua chungu. Ndipo kando ya barabara, kutoka Kahawa mpaka Juja na kwenda mbele, vitalu vya miche vimejipanga, na vijana wengi wapata riziki ya halali humo, jambo ninaloliombea baraka. Ulipoingia ugonjwa wa korona mwaka 2020 na watu wakafungiwa majumbani, niliona kwa macho yangu jinsi vyungu vilivyoongezeka barazani, na pamoja na vyungu watoto wa mbwa na paka, walionunuliwa ili watoto wa shule wapate cha kuwaliwaza.

Mnyama huyo wa gorofa ya nne haishi maisha ya mbwa wa cucu. Amefungiwa tangu asubuhi mpaka wenyewe warudi kazini, meno yamwasha, majani ya kutafuna hana, na kitu pekee chenye uhai katika chumba kile ni mmea ulio mbele yake. Paka naye kwa asili hutafuna nyasi. Asipopata nyasi hutafuna kilichopo. Tumewakusanya chumbani mnyama mgeni na mmea mgeni, hali kila mmoja ametolewa kwenye nchi yake ya asili, na sisi wenyewe tulio wenyeji wa nyumba hatuna urithi wa maarifa juu ya yeyote kati yao.

Baada ya kikao kile cha sulhu nilikwenda kwa mama mmoja mwenye kitalu karibu na njia iingiayo Ruiru, ambaye nimenunua kwake miche ya matunda kwa muda mrefu, nikamwuliza kama wanunuzi wa sago huambiwa lolote. Alistaajabu. "Mzee, mimi mwenyewe sikuambiwa. Nilinunua mbegu kwa mtu, nikapanda, ikaota." Akaniuliza kwa hofu kama alikuwa amewauzia watu sumu kwa miaka yote hiyo, nami nikamwambia kwamba mmea si haramu, bali yafaa uwekwe panapostahili na kwa mtu anayestahili. Tulizunguka pamoja kitaluni. Alikuwa na oleanda, ambayo jani lake moja lina dawa ya kuvuruga moyo, na ile nyingine ya maua ya manjano ya umbo la kengele ambayo watu wengi wameifanya ua wa nyumba, nayo ina sumu kama hiyo. Alikuwa na kalanchoe katika vikopo, nzuri za rangi zote, nazo pia hugusa moyo zikiliwa kwa wingi. Alikuwa na shubiri, ambayo watu huinywa kama dawa na hawadhani kwamba humharisha mbwa na paka na kuwalegeza. Alisikiliza yote, akamwita binti yake mwenye kalamu, na vyungu vya mimea hiyo vikahamishiwa upande mmoja. Juma lililofuata alinipigia simu kunieleza kwamba mnunuzi mmoja, baada ya kuambiwa habari ya sago, aliondoka bila kununua akaenda kitalu cha jirani. Nilidhani atasema kwamba ataacha kuwaambia watu. Akasema, "Nimemwita jirani yangu pia, daktari, nimweleze. Uje tena, tuko wengi hapa."

Sitaki mtu asome haya akang'oa kila kijani kilichomo nyumbani mwake, kwani hofu isiyopambanua ni mwanzo wa dhuluma nyingine. Poinsetia, ile iwakayo nyekundu Desemba katika bustani za Thika, imesingiziwa kwa miaka mingi kuwa ni mwuaji, kumbe utomvu wake huwasha kinywa na kuchafua tumbo kidogo tu. Mnazi mdogo wa sebuleni utokao Bukini, wenye fito nyingi za manjano, hauna madhara, ijapokuwa kwa mbali hufanana na sago. Jinsi ya kuitenganisha ni kugusa majani, maana ya sago ni makavu na yana ncha ya kuchoma. Kangaga nyingi za kuning'inia ni salama. Na lipo ua moja dogo la zambarau ambalo ningependa liwe katika kila dirisha la Ruiru: lilichukuliwa katika milima ya Usambara na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa akitawala Tanga, likapewa jina lake la kitaalamu mwaka 1893, likaenea madirishani ulimwenguni kote, na ndugu zake wangali wakiota katika miamba ya pwani ya Kenya na vilima vya Taita. Paka akilitafuna hadhuriki. Mwenye paka na apande pia chungu cha ngano au shayiri, aikate ikiwa changa, amwachie mnyama haki yake ya nyasi.

Kuhusu siku ya msiba, nimeyaona mengi yafanywayo kwa nia njema yakaharibu: maziwa na mayai mabichi kumiminwa kwa nguvu kooni mwa mbwa aliyelegea, yakaingia mapafuni, chumvi kuchanganywa na maji ili atapike, nayo ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza, mafuta ya kupikia, mkaa wa jikoni uliosagwa. Maziwa ambayo baba alimpa yule mtoto wa mbwa yalifaa kwa sababu yalipoza kinywa kilichochomwa, si kwa sababu ni dawa ya sumu. La kufanya ni kumwondolea mnyama kilichobaki kinywani, kumwosha kwa maji ikiwa yu macho, kumwosha paka chavua ya lili manyoyani asije akajilamba, kuiandika saa, na kwenda kwa daktari papo hapo hata kama dalili hazijaonekana, na mkononi kuwe na tawi la mmea wenyewe, au picha yake katika simu ikiwa haubebeki. Daktari aliyeletewa jani hupunguziwa nusu ya kazi.

Na mnyama akifa, ndugu zangu, tusimzike usiku huo huo kwa hasira. Maiti ya mnyama aliyeshukiwa kula sumu hupelekwa Kabete, ambako serikali ina maabara yake ya mifugo na chuo kikuu kina kitivo chake cha tiba ya wanyama, ikachunguzwa. Na mpaka ifike huko huhifadhiwa kwa barafu pembeni, bila kugandishwa, kwa kuwa mgando huharibu nyama ambazo mchunguzi atataka kuzitazama. Matapishi nayo yatiwe katika mfuko safi, na majani au mbegu zilizookotwa karibu yake katika mfuko wa pili, na kila mfuko uandikwe tarehe, saa, na mahali ulipookotewa.